Kompyuta Tuliyoichagua kwa Sikio

Tata yangu alichagua kompyuta kwa bisibisi. Ncha aliigusisha kwenye kasha, kishikio akakibana sikioni, akafumba macho, na watu wote dukani kwa Muzamil wakanyamaza kama wanaosubiri daktari amalize kupima mapigo ya moyo.

Kwetu tata ni baba. Wangu aliitwa Nikodemo, mzaliwa wa Ringwani, na kwa miaka ishirini na minane aliendesha lori la Mzee Ramadhan kati ya Tarime na Mugumu. Alibeba mahindi, ulezi, mihogo mikavu, saruji, mabati, ng'ombe wa mnada, na mara moja moja maharusi. Tulimzika Ringwani mwezi wa tatu mwaka huu. Ya msiba watu wameshayasema vizuri, na ya lori wanayajua madereva wenzake. Haya ya kompyuta tuliyajua watatu tu: yeye, mimi na Muzamil. Sasa tumebaki wawili, na Muzamil ni mtu wa kusahau.

Sukari ndiyo iliyomtoa barabarani. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kilichoanza kama lengelenge la kiatu, kilipanda na kupanda mpaka wakamkata chini ya goti. Mama alikuwa amekwisha kutangulia, kwa hiyo nilimtoa Ringwani nikamleta kwangu Turwa, mjini Tarime, kwenye vyumba viwili nilivyopanga kule nyumba zinakoishia na mashamba yanakoanzia. Siku ya kwanza alipoketi sebuleni alikipigapiga kile kisiki cha mguu taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto, akasema, "Wamechukua mguu wa klachi. Wa breki na mafuta wameniachia. Si watu wabaya."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baada ya hapo alikaa mlangoni miezi. Lori likipita barabara kubwa, alilitaja kabla halijatokea kwenye nyumba ya jirani. "Fuso. Yuko gia ya tatu, na hapo ni pa gia ya pili. Ataua injini ya watu." Chakula alikula kwa kubembelezwa. Nilikuwa nachapa barua na fomu za watu karibu na soko, kwa kompyuta ya kukodi, na kila nilipokuwa kazini nilimuwaza: amekaa palepale, ameelekeza uso barabarani, mikono juu ya mapaja, na mikono yenyewe haina la kushika.

Halafu daktari akasema sukari imefika machoni. Jicho la kulia lilishaingia ukungu, la kushoto lingefuata. Hakujua ni baada ya miezi mingapi, alisema tu kwamba dawa ya kulirudisha hana. Tulipanda bajaji kurudi nyumbani, na tulipofika kwenye mteremko tata akaniambia, "Ester, kabla macho hayajazima nataka kuendesha tena."

"Utaendesha nini, tata?"

"Lori."

Dereva wa bajaji alikohoa, akajifanya anatazama kioo cha pembeni.

Wiki hiyohiyo nilipita dukani kwa Muzamil kuulizia bei ya kompyuta. Nilikuwa nimejiwekea akiba ya kununua yangu, niwe nachapia nyumbani karibu na mgonjwa. Nikamkuta kijana mmoja ameketi mbele ya monita, ameshika usukani wa plastiki uliobanwa mezani, chini ana pedali. Kwenye kioo kulikuwa na lori. Dashibodi yake yote ilionekana, vioo vya pembeni pia, mvua inanyesha na waipa zinafuta. Nilisimama nyuma ya yule kijana mpaka nikasahau nilichofuata.

Jioni nilimweleza tata. Tungenunua kompyuta moja: siku za kazi nichapie barua, Jumapili aendeshee lori. Nilikuwa na nusu ya pesa, na yeye alisema nusu nyingine itatoka kwa fahali wake mmoja aliyebaki Ringwani. Jumla yake laki saba.

"Lakini ni lori la kwenye kioo tu," nilimwambia. "Si la kweli."

"Lina stelingi?"

"Linayo."

"Basi twende."

*

Muzamil ni mtoto wa mwisho wa Mzee Ramadhan mwenye lori. Amekua akimwona tata akiingia kwao na vumbi mpaka kwenye kope. Alipotuona tunashuka kwenye bajaji alitoka mwenyewe kumshika mkono.

"Shikamoo, Mzee Niko."

"Marahaba, mura. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu, anasema bado anaikumbuka springi yake uliyoivunja."

"Mwambie springi ilivunjwa na tamaa. Lori la magunia mia anapakia mia na ishirini, halafu anauliza springi!"

"Na mimi si mura wako, Mzee. Mura ni vijana wa Kikurya. Sisi babu yetu alitoka Tabora."

"Wewe umezaliwa Tarime, umekula nyama ya kichuri mpaka jasho lako lina uchungu wa nyongo. Ni mura tu. Leta kompyuta."

Muzamil akatukalisha, akaanza na moja nyembamba, ya zile za ofisini zilizotumika Ulaya zikaletwa kwetu kwa makontena. Alisema kwa kuchapa barua hiyo inatosha na kubaki. Ila gemu la malori linataka kadi ya picha, na kasha lile ni jembamba mno, kadi nzuri haiingii, na hata ikiingia umeme wake hautoshi.

"Unafunga injini ya Scania kwenye pikapu," tata akasema.

"Hapohapo, Mzee."

"Leta yenye chesisi."

Ikaletwa kubwa, ya kusimama. Muzamil akaiwasha, na hapo ndipo tata alipoomba bisibisi ndefu. Kila fundi wa magari anaijua njia hiyo: unaweka ncha kwenye injini, kishikio sikioni, na chuma kinakuletea siri za ndani. Tata alikaa hivyo muda mrefu. Wateja wawili walioingia kununua chaji za simu wakasimama kutazama.

"Feni ya huyu imechoka," akasema. "Beringi yake inalia."

"Mzee, hii nimeisafisha jana mimi mwenyewe."

"Ulisafisha uso. Mimi nakwambia koo."

Muzamil akazima, akafungua ubavu, akaisukuma feni kwa kidole. Ilizunguka mara mbili, ikatikisika kama kuku aliyelowa, ikasimama. "Wallahi," akasema taratibu. Mmoja wa wale wateja wa chaji akapiga makofi.

Kuanzia hapo ilikuwa kama mnadani. Mashine ya pili ilipita mtihani wa bisibisi. Muzamil alieleza kwamba RAM, yaani kumbukumbu, ya GB nane inaweza kuwa kipande kimoja au viwili vya nne nne, na kwamba viwili vinakwenda vizuri zaidi. Tata akakata shauri kabla sentensi haijaisha: ng'ombe wawili kwenye jembe wanalima kuliko mmoja mnene. Lile boksi la umeme, pawasaplai, aliletewa mawili. Akayapima mkononi, moja huku, jingine kule, akayanusa yote kwenye matundu. "Hili jepesi halina shaba ndani," akasema. "Hili zito ni la mtu aliyemcha Mungu." Kadi ya picha aliipitisha vidoleni taratibu, akahesabu matundu ya kuchomekea waya, akauliza kama inachemka sana.

Diski tu ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa ya aina mpya, nyepesi kama biskuti, haina kinachozunguka ndani. Aliiweka bisibisi, akasikiliza, akasikiliza tena.

"Hii haisemi kitu."

"Ndiyo uzuri wake, Mzee. Haina kelele na haiharibiki kwa kutikisika."

"Kitu kisicho na sauti nitajuaje kama kizima?"

"Hiyo tuachie sisi, tata," nikasema, na Muzamil akaichukua haraka kabla haijarudishwa.

Ugomvi wetu ulikuwa kwenye monita. Kulikuwa na kubwa, pana, kioo safi kabisa. Kulikuwa pia na ndogo ya zamani ya umbo la mraba, kingo zake zimekwaruzika. Mimi niliiona ile kubwa nikajua ndiyo dawa. Kama jicho moja limebaki na nusu, basi lipewe kioo kikubwa.

"Chukua ndogo," tata akasema.

"Tata, hapana."

"Ndogo inatosha. Pesa itakayobaki tuchukue lile." Akanyoosha kidole upande ambako asubuhi ile muziki ulikuwa ukidunda. Lilikuwa sabufa, sanduku jeusi la ukubwa wa kreti ya soda, na spika zake mbili.

"Sabufa la nini? Tunafungua baa Turwa?"

Muzamil akacheka. Tata akatabasamu kwa heshima, kama mtu anayecheka wenzake wasijisikie vibaya. "Ester, sikiliza."

"Sisikilizi. Tumekuja hapa kwa ajili ya macho yako. Usukani, kadi, na kioo kikubwa. Pesa inaishia hapo."

Alirudisha mikono mapajani. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba mwenye mzigo ndiye anayesema unapakiwaje. Nikageuka kuchagua nyaya na kibodi, na nyuma yangu nikasikia Muzamil akimuuliza, "Mzee, rangi hapo unazionaje?"

"Nzuri," tata akajibu. "Kijani kimetulia."

Nikalipa.

*

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Muzamil alikuja mwenyewe kufunga. Alibana usukani kwenye meza yangu ya kulia, akaweka pedali chini ya mguu wa kulia wa tata, akaondoa klachi, gia ziwe zinaingia zenyewe. Akachagua nchi moja ya Ulaya ambako magari yanapita kushoto kama kwetu. "Mzee asije akapata ajali kwa mazoea," alisema. Akanywa chai, akaondoka.

Tata alikuwa amevaa shati la kola. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaufuata kwa vidole mduara mzima, kama mtu anayepapasa uso wa ndugu aliyepotea siku nyingi. Kisha akakanyaga mafuta.

Lori lilitoka kwenye yadi, likaenda hatua ishirini, likagonga ukingo.

"Kulia, tata."

Akakata kulia, akavuka barabara nzima, akagonga ukingo wa pili. Sauti ilitoka kwenye kispika kidogo ndani ya monita, nyembamba kama mbu ndani ya chupa. Akarudi nyuma, akaondoka tena, akagonga taa za barabarani. Nilicheka mwanzoni. Nilisema ni kutozoea. Akagonga gari dogo jeupe. Akagonga mti.

"Tata, tazama kioo!"

"Natazama."

"Barabara inakata kushoto, wewe unakwenda moja kwa moja!"

"Mbona hii njia haina matuta wala mashimo," akasema. "Unajuaje ulipo?"

Nikaona labda mwanga wa dirishani unamsumbua. Niliinuka kulivuta pazia, kisha nikainama mbele ya meza kusogeza waya wa monita uliokuwa umevutika. Mgongo wangu ulikuwa umekifunika kioo chote. Nilikuwa natarajia aniambie nipishe. Hakuniambia. Nyuma yangu usukani uliendelea kuzunguka kidogo kidogo, kushoto, kulia, kushoto, na mguu wake uliendelea kukanyaga mafuta.

Niligeuka taratibu, nikasimama katikati yake na kioo, nikamtazama usoni. Macho yake yalinipita. Alikuwa ameyaelekeza mahali fulani juu ya bega langu, makini, kama yalivyokuwa alipopanda vilima vya Nyamongo na mzigo.

"Tata."

"Naam."

"Tangu lini?"

Usukani ukasimama. Hakuuliza tangu lini nini.

"La kushoto lilikwenda wiki moja baada ya daktari," akasema. "Mwanga naujua. Mlango naujua, dirisha nalijua. Basi."

"Na ukakubali tukauza fahali?"

"Nilikubali."

"Ukakubali nikanunua kioo cha laki na themanini!"

"Hicho nilikukataza."

Nilikasirika. Leo naona aibu kuandika jinsi nilivyokasirika. Nilimwambia nimeweka akiba miaka miwili, nimeacha kushona hata nguo ya Krismasi. Nilimwambia amenidanganya mbele ya Muzamil na mbele ya wale wanunuzi wa chaji. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, ungenunua ya kuchapia barua tu."

Na ilikuwa kweli.

"Nitarudisha vyote kesho," nikasema.

"Rudisha," akasema. "Stelingi niachie."

"Utafanyia nini stelingi peke yake?"

"Mimi sikukwambia nataka kuona, Ester. Nilikwambia nataka kuendesha."

Nikakaa chini. Kwenye kioo lile lori lilikuwa limesimama limegusana na mti, taa za hatari zinawaka na kuzima. Tata hakuwa mtu wa hadithi, lakini siku ile alinipa moja, na mikono hakuitoa kwenye usukani. Mwaka mmoja wa masika, alisema, waipa zilikatika mchana wakitokea Mugumu, na kioo chote kikawa tope. Kusimama haikuwezekana, mto ulikuwa unajaa nyuma yao. Utingo wake, Simoni, alitoka nje, akasimama kwenye ngazi ya upande wa kushoto, akakumbatia kioo cha pembeni, mvua inampiga usoni, akawa anaita njia. "Niliendesha kwa mdomo wa Simoni mpaka Nyamwaga. Sikuona hata jani. Na hatukugusa kitu."

"Simoni alikuwa utingo," nikasema. "Mimi hata baiskeli sijui."

"Utingo naye hakujua kuendesha. Alijua kusema."

Basi nikavuta kiti. Nilimrudisha barabarani nikaanza kumwita. Mara ya kwanza tulikufa kwenye kona.

"Utingo hasemi 'kona!' mtu akiwa ameshafika," akanikaripia. "Anasema mapema. Anasema inakata wapi, na ni kali au ni ya uvivu."

Mara ya pili tulifika mbali kidogo, tukapanda tuta la katikati. Hapo nikaona kosa halikuwa langu peke yangu. Alikuwa anainamisha kichwa, anasogeza sikio karibu na monita, anatafuta kitu. "Injini siisikii," akasema. "Nitajuaje mwendo? Hiki ni kilio cha mbu. Mguu wangu haujui umekanyaga nini."

Ndipo nilipolielewa sabufa.

*

Jumatatu nilikodi bajaji nikairudisha ile monita kubwa. Muzamil alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Dada Ester, nikwambie kitu. Siku ile nilipomuuliza Mzee kuhusu rangi, nilikuwa bado sijaiwasha. Nilidhani ameiwasha kijana wangu. Nikageuka, nikaona kioo cheusi, na Mzee ananiambia kijani kimetulia."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Mtu amenipa heshima ya kunidanganya, na mimi nimvue nguo mbele ya mwanawe?"

Sikumlaumu. Aliichukua ile kubwa kwa bei ileile niliyonunulia, akanipa ndogo ya mraba na sabufa na spika zake. Aliliwasha kwanza akaniambia niweke kiganja juu yake nisikie. Kisha akaja tena Turwa kulifunga, na mahali pa kuliweka alipachagua tata: chini ya meza, limeegemea mguu wake mzima.

Aliendesha Jumapili tisa. Nyingi zimechanganyika kichwani mwangu, lakini ile ya kwanza na sabufa naikumbuka kama jana.

Alipowasha injini, vikombe vilitetemeka kabatini. Jirani yangu Regina aliita kutoka uani, "Ester, mmeletewa mzigo?" Tata aliweka mguu kwenye mafuta, akauachia, akauweka tena. Uso wake ulilegea wote. Sikuwa nimeuona hivyo tangu hospitali.

"Sasa ana uhai," akasema. "Twende, utingo."

Tulitoka yadi bila kugusa kitu. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima, nikitembea kwenda kazini nikijisemea njia chini kwa chini kama mwendawazimu: kona ya uvivu kulia, nyooka, nyooka, mbele kuna mtu. Nilimwita hivyohivyo. Alikwenda polepole, mwendo wa mzigo wa ng'ombe, mikono inajua yenyewe. Tulipoingia barabara kubwa iliyonyooka, sikuwa na la kumwambia kwa muda, na nikafikiri nimpe zawadi.

"Tata, mbele ni mteremko wa kwenda Mto Mara," nikasema. "Nawaona wamama kando ya njia wanauza ndizi. Maji yamepungua. Daraja lile pale."

Aliendesha hatua chache, kisha akakanyaga breki, taratibu, akaweka lori kando vizuri kabisa.

"Ester. Sikio linaniambia lami."

"Ndiyo, ila..."

"Na injini haijashuka hata kidogo. Hapa ni tambarare."

Nikatazama vidole vyangu.

"Ya Mto Mara ninayo yote," akasema, akagusa paji la uso. "Kila jiwe. Hata wauza ndizi wa zamani waliokwisha kufa ninao. Huna haja ya kunipa. Niambie hii iliyo mbele yetu. Utingo hadanganyi barabara."

"Nisamehe, tata."

"Sema."

Nikakitazama kile kioo kidogo cha mraba, nikatazama kweli, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. "Kuna ukungu," nikasema. "Si mzito. Kulia kuna majani mafupi ya kijani, yamepanda mpaka juu ya kilima. Kuna kondoo weupe, wengi. Hawana mchungaji."

"Hawana mchungaji?"

"Hakuna mtu kabisa. Kuna ukuta wa mawe tu."

"Watu gani hao," akasema, akaingiza lori barabarani.

Nilimwambia mbele kuna minara mitatu myeupe yenye mapanga yanayozunguka na upepo. Akauliza inasaga nini. Nikasema sioni mashine ya kusaga. Akauliza kama kuna lori jingine. Nikasema linakuja moja, jekundu, lina taa juu ya paji. Akamwashia taa yule dereva, mara mbili, kama walivyokuwa wakifanyiana njia ya Mugumu. Yule hakumjibu. "Bado mgeni," tata akasema. Tukapita mzunguko wa kwanza, ule wa kipilefti, akanilaumu nimechelewa kusema. Tukapita wa pili na hakunilaumu. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Yeye alikuwa anapiga mluzi kwa pumzi tu, bila wimbo.

Bahari ilitokea upande wa kushoto na nikamwambia. Alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alitaka kujua ina rangi gani, nikatazama tena kabla ya kujibu, nikasema ni ya bati kuukuu. Kisha bandari, meli moja ndefu, makontena yamepangwa kama matofali. Mahali pa kushushia mzigo palikuwa pembamba, katikati ya malori mawili, na ilibidi turudi nyuma.

"Ita," akasema.

Nikasimama. Sijui kwa nini, lakini niliona siwezi kuita nikiwa nimekaa. "Rudi. Rudi, rudi. Kata kushoto kidogo. Hapohapo. Nyoosha. Rudi, rudi, una nafasi, rudi... Simama!"

Upepo wa breki ulitoka kwenye sabufa, mrefu, ukapita chini ya miguu yetu. Mkono wake wa kushoto ulishuka pembeni kutafuta breki ya mkono, ukakuta ukingo wa meza, ukauvuta. Hatukuwa tumegusa kitu.

"Tumefika wapi?"

Kulikuwa na jina la mji limeandikwa juu ya kioo. Nililisoma mara mbili kwa namna mbili. Yeye akalitamka kwa namna ya tatu, ya kwetu, likawa kama jina la kijiji cha ng'ambo ya Ringwani.

"Hatujawahi kufika huko," akasema.

"Hatujawahi, tata."

Nikanyoosha mkono kwenye kibodi ili nizime. Aliusikia mkono wangu, sijui vipi.

"Usizime kwanza," akasema. "Injini imetoka mbali. Iache ipoe."

Tukakaa tukaisikiliza.